TAYA LINAPOOTA UPANDE MMOJA: historia ya kisu, picha na subira

SEHEMU YA 1: Maswali mawili ya kila wiki

 Leo nesi wenu nakuja na uzi mrefu kidogo, kwa hiyo kama dagaa wapo jikoni, epua kwanza.

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza kuhusu taya, na maswali huja ya aina mbili. La kwanza: "Nesi, mtoto wangu wa miaka 5 shavu limevimba, meno yanacheza, na yeye hata hajafika umri wa kung'oka meno." La pili: "Nesi, binti yangu ana miaka 16, kidevu chake kinahama kwenda upande mmoja, hakuanguka wala hakupigwa na mtu."

Majibu ya mtaani mnayajua. Ni jino. Ni matubwitubwi. Kapigwa kofi na jini. Kuna mtu ana kijicho. Wengine wanapelekwa kung'olewa jino, wengine kuchanjwa chale, na miezi inakwenda.

Haya ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Moja ni saratani ya watoto inayokwenda mbio, ambayo dawa inaiweza sana ikiwahiwa. Lingine sio saratani. Ni kichwa cha mfupa wa taya kinachoota kupita kiasi, polepole, na tiba yake ni upasuaji unaofanywa kwa wakati wake. Ila madaktari waliyafafanua yote mawili kwa kujifunza kuuliza swali moja kabla ya kushika kisu: ni nini kinachokua hapa, na je, bado kinakua?

Swali hilo lilichukua zaidi ya miaka 100 kupata majibu, na sehemu kubwa ya majibu ilipatikana huku kwetu Afrika Mashariki.

SEHEMU YA 2: Mfupa uliotoka Ujiji

Kila mtoto wa Ujiji ameonyeshwa mahali pa mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kinachosimuliwa kidogo ni namna mwili wa Livingstone ulivyotambuliwa baadaye.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, leo ni Zambia. Akina Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Ulipofika London Aprili 1874, sura haikuwa ya kutambulika tena. Aliyeitwa kuukagua ni daktari mpasuaji, Sir William Fergusson. Hakuhangaika na uso, alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto. Mwaka 1844 simba alimng'ata Livingstone na kuuvunja mfupa wa juu wa mkono ule, na haukuunga vizuri: palibaki kama kiungo cha bandia pale ulipovunjika. Fergusson akakikuta. Ni yeye.

Kwa nini nawaletea habari ya mkono wakati tunazungumzia taya? Kwa sababu huyo Fergusson alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa kupasua taya wa zama zake. Na somo lake linafaa kwetu: nyama inabadilika, ila mfupa unatunza kumbukumbu. Mfupa ukikua vibaya, ukiunga vibaya au ukiota nundu, mwenye kujua kusoma atausoma.

Shida ni kwamba enzi hizo kuusoma mfupa wa mtu aliye hai kulikuwa kwa vidole tu. Mwaka 1836 daktari wa Dublin, Robert Adams, aliandika kuhusu kichwa cha taya kilichokua kuliko kawaida. Mwaka 1856 George Humphry wa Cambridge akakikata kichwa cha taya cha namna hiyo. Nusu kaputi ilikuwa na miaka 10 tu tangu ionyeshwe hadharani Boston mwaka 1846. Eksirei haikuwepo kabisa, ilikuja mwaka 1895. Yaani huyo bwana alipasua mbele ya sikio bila picha yoyote.

SEHEMU YA 3: Kiungo kinachocheza mbele ya sikio

Weka kidole mbele ya sikio lako, kisha fungua mdomo na ufunge. Umekisikia? Hicho kinachocheza ndo kichwa cha taya. Kipo kimoja kulia na kimoja kushoto, na juu yake kuna gegedu laini. Kwa mtoto, taya la chini hurefuka kwa kiasi kikubwa kupitia hapo. Ujana ukiisha, kazi ya kurefusha inasimama.

Kwa watu wachache, upande mmoja haujui kusimama. Wengi huanza kati ya miaka ya kubalehe na ishirini na kitu, na wasichana huonekana zaidi kuliko wavulana. Taya linarefuka upande ule na kusukuma kidevu kwenda upande wa pili. Meno ya juu na ya chini yanaacha kukutana. Kutafuna kunakuwa kwa upande mmoja. Mara nyingi hakuna maumivu makali, na hapo ndipo watu hukaa miaka.

Kumbuka pia kuna hali iliyo kinyume chake. Mtoto akianguka na kidevu kikapiga chini, kichwa cha taya kinaweza kuvunjika bila watu kujua. Usaha mkali wa sikio nao unaweza kukidhuru. Kiungo kinaganda, mdomo haufunguki vizuri, na upande ule unabaki nyuma kwa kukua. Hapo kidevu kinavutwa kuelekea upande mgonjwa. Kwenye taya linaloota kupita kiasi, kidevu kinakimbia upande mgonjwa. Ukimwangalia mtu kwa haraka sura zinafanana, lakini upande wa kutibiwa ni tofauti. Ndiyo maana hatukisii.

Kwa muda mrefu madaktari walikuwa na hofu ya haki kabisa. Ukilinyoosha taya leo na kile kichwa bado kinaota, mwakani litapinda tena na kazi yako imepotea. Ukikata kichwa ambacho kimeshaacha kukua, umemfungua mtu kiungo bila sababu. Watajuaje kama bado kinakua?

Majibu yalikuja kidogo kidogo. Kwanza eksirei. Halafu katikati ya karne ya 20, Mfini Yrjö Paatero akatengeneza namna ya kupiga picha inayozunguka uso na kuonyesha taya lote kwenye karatasi moja, kuanzia sikio la kulia mpaka la kushoto. Mwaka 1957 Hugo Obwegeser wa Zurich na mwenzake Trauner walieleza namna ya kulipasua taya kwa ndani ya mdomo, likateleza na kupangwa upya bila kovu usoni. Mwaka 1986 Obwegeser huyo huyo na Makek wakaonyesha kwamba kuota kwenyewe kuna sura mbili kuu: taya linalorefuka na kusukuma kidevu pembeni, na taya linalonenepa na kushuka chini upande mmoja, kiasi kwamba mdomo wote unakaa mshazari.

Na kisha ikaja picha ya nyuklia. Mgonjwa anachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, ambayo hukimbilia mahali mfupa unapojengwa. Mashine inahesabu. Kama upande mmoja umechukua 55 kati ya 100 au zaidi, na mwingine 45 au chini, daktari anashuku kwamba kule bado kunakua. Kwa mara ya kwanza swali la zamani likapata jibu la namba.

SEHEMU YA 4: Mulago, 1957

Tuvuke sasa twende Kampala, maana mwaka ule ule wa 1957, wakati Zurich wanajifunza kupanga taya, Hospitali ya Mulago walikuwa na taya la namna nyingine.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu linaloona, la pili alilipoteza utotoni. Mwenzake, Hugh Trowell, akamwita wodini amwangalie mtoto wa kiume wa miaka 5. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote, juu na chini. Usaha? Mbona uko sehemu nne kwa wakati mmoja? Saratani ya mfupa? Nayo haina tabia ya kuanza sehemu nne. Burkitt hakuwa na jibu. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye uvimbe wa taya, na tumboni pia ana uvimbe.

Hapo akafanya kitu ambacho mimi nakiheshimu kuliko upasuaji wowote: akarudi kwenye mafaili. Akafukua kumbukumbu za watoto waliopita na kukuta wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe mwingine mwilini. Waliandikwa magonjwa tofauti tofauti kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha habari za watoto 38. Wachunguzi wa maabara wa pale Mulago, akina Gregory O'Conor na Jack Davies, wakaonyesha kwamba ni saratani ya chembe za kinga za mwili, aina ya limfoma. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Ugonjwa haukuwa mpya. Albert Cook, aliyefungua Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu za watoto wa namna hiyo miaka mingi kabla. Walionekana, ila hakuna aliyewaunganisha.

Na kisu je? Kisu kilishindwa. Wapasuaji walikata taya, uvimbe ukarudi, na watoto walifariki ndani ya miezi michache. Fikiria mama aliyekubali mwanae akatwe uso akiamini anaokolewa. Swali la "ni nini kinachokua" lilikuwa halijajibiwa.

SEHEMU YA 5: Safari ya kilomita 16,000

Burkitt akatuma karatasi za maswali zenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yalipochorwa kwenye ramani, ugonjwa ukaonekana umekaa kama mkanda katikati ya bara. Ili kujua ukingo wa mkanda, Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipakia gari kuukuu na kuondoka Kampala kuelekea kusini. Walipita Tanganyika, ambayo ilikuwa siku hizo inajiandaa na uhuru wake wa tarehe 9 Desemba. Walikwenda mpaka Afrika Kusini na kurudi, karibu kilomita 16,000, wakiingia hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa ndogo za serikali na za misheni. Chombo chao cha utafiti kilikuwa picha na maswali. Waliowajibu ni madaktari na wahudumu waliokuwa wanakumbuka wagonjwa wao.

Walichokiona ni hiki: karibu na ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, watoto wale hawaonekani. Ukishuka kwenye joto na mvua, wapo. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi kule Entebbe, alipoiona ramani akasema inafanana na ramani za magonjwa yanayoletwa na mbu.

Sasa sisi wa Kigoma tujiangalie. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Joto tunalo, mvua tunayo, mbu ndo usiseme. Tumekaa ndani kabisa ya mkanda ule.

Mwaka 1964, London, Anthony Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walikuta kirusi kwenye vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watoto wengi wa huku hukipata wakiwa wadogo bila madhara yoyote. Wataalamu wanaona kwamba malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoudhoofisha ulinzi wa mwili mpaka kirusi kinapata nafasi. Hapa Tanzania, wilaya ya North Mara ya wakati ule, kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza saratani hii. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo jibu la mwisho halikupatikana. Chandarua hata hivyo hakihitaji kusubiri jibu hilo. Mtoto alale ndani ya neti.

SEHEMU YA 6: Siku dawa ilipoyeyusha uvimbe

Kampala ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Kilichobaki kujaribu ni dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Burkitt kule Kampala, Peter Clifford kule Nairobi, na wataalamu kutoka New York akiwemo Joseph Burchenal, walianza kuwapa watoto dawa za saratani. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho ukaanza kuyeyuka ndani ya siku. Kuna watoto waliopona kwa dozi chache tu na wakakua. Hii ilikuwa moja ya saratani za mwanzo kabisa duniani kuonyesha kwamba dawa peke yake inaweza kuponya. Mwaka 1967 Mulago ikafungua kituo maalumu cha ugonjwa huu, na ndipo ilipochipukia Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Ona basi. Taya moja lilihitaji kisu kisubiri. Taya lingine lilihitaji kisu kiwekwe chini kabisa. Kwa macho ya mtaani yote ni "kavimba taya".

SEHEMU YA 7: Kwetu leo

Zamani mtu wa Kigoma alikuwa aende wapi? Mafunzo ya udaktari wa meno ngazi ya shahada yalianza Dar es Salaam mwaka 1979. Leo nchi ina mabingwa wake wa upasuaji wa kinywa na taya. Njia yako ni kuanzia kituo cha afya, kisha Maweni, na ikibidi rufaa kwenda Bugando au Muhimbili. Picha ya nyuklia ya mifupa hufanyika Ocean Road. Ni mbali, ni nauli, ni mtu wa kubaki na watoto nyumbani, najua. Ndiyo maana nataka ukifika ujue unaenda kuuliza nini.

KWA MTOTO MDOGO. Uvimbe wa taya au shavu unaokua kwa siku au wiki, meno yanayocheza kabla ya wakati, jicho linalosukumwa nje, tumbo linalovimba, miguu inayolegea: usisubiri mwisho wa wiki. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Usikubali jino ling'olewe kwanza ili "tuone". Omba mtoto aangaliwe mwili mzima. Daktari akitaka kuchukua kinyama kidogo kupeleka maabara, mruhusu. Kinyama hakisambazi ugonjwa huu. Bila kinyama hakuna anayejua anatibu nini.

KWA BINTI AU KIJANA. Taya linalohama kwa miezi na miaka halina dharura ya usiku, lakini lina kazi ya kufanywa mapema. Fukua picha: ya kipaimara, ya maulidi, ya kumaliza darasa la saba, ya kidato cha pili. Zipange kwa mwaka. Daktari atazipenda kuliko maelezo yako yote, maana zinaonyesha mabadiliko yalianza lini na kama yanaendelea. Mwambie ang'ate mwiko mwembamba au kijiti kwa upana, asimame mbele ya kioo: kama kijiti kinakaa mshazari ukilinganisha na macho, andika na hilo.

Hospitali watapiga picha za taya, watachukua umbo la meno kwa plasta, na watarudia baada ya miezi kama sita. Ikionekana bado linakua, kuna upasuaji wa kukata kipande kidogo cha juu ya kichwa cha taya, mara nyingi milimita chache, kama 5 hivi, ili kuondoa sehemu inayoota. Hupitia mbele ya sikio, kwa nusu kaputi. Muulize daktari kuhusu mshipa wa fahamu wa uso, maana unapita jirani na pale, ndio unaofumba jicho na kuinua tabasamu. Baadaye huja mazoezi ya mdomo, nyaya za kupanga meno, na wakati mwingine upasuaji wa pili wa kunyoosha taya. Kama limeshaacha kukua, kichwa huachwa na taya hupangwa tu. Na kuna wengine ambao tofauti ni ndogo, wanatafuna vizuri, hawana shida na sura yao. Hao hawalazimiki kupasuliwa.

Akina baba mnaosoma kimya kimya, na nyie hili linawahusu. Binti anayeziba mdomo kwa khanga kila akicheka, anayekwepa picha za familia, haringi. Huko shuleni wameshampa jina. Kumwambia "Mungu ndo kakuumba hivyo" wakati juzi hakuwa hivyo hakumfariji, kunamfunga mdomo.

Uzi umeishia hapa. Maswali andika chini, nitajibu nikitoka zamu. Picha ya uso wa mtoto usiiweke hadharani, mpeleke mwenyewe kliniki, na zile picha zake za zamani zitie kwenye bahasha pamoja na kadi.